Wale wa Kwenye Gogo

Dingidongi, ile mashine ya kupasulia magogo, ilizimwa mchana kama kawaida, na msitu ukarudiwa na sauti zake wenyewe. Hulda alishusha ubao uliokuwa kichwani, akauegemeza kwenye mpaina, akavua ngata na kuikung'uta vumbi la mbao. Shingo yake ilichukua muda kukumbuka kwamba imeachiwa. Wanaume wa mashine walikwenda upande wa mapipa ya dizeli kuvuta sigara. Wanawake wa kubeba, yaani Hulda, Dorosela na Peace, walifungua vyombo vyao vya viazi vya kuchemsha, wakala kwa chumvi bila kupoteza muda, kisha wakasogea pale walipopazoea, penye udongo uliosawazishwa kwa viganja na kishimo kisichozidi bakuli la uji.

Kilikuwa kishimo cha mdako. Dorosela ndiye aliyekichimba kwa kizibo cha soda, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, kwa sababu alikuwa amechoka kutazama miti. Vijiwe viliokotwa mtoni huko chini ya Matembwe. Mchezo wenyewe wote watatu waliujua tangu utotoni. Unarusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijarudi unakomba vingine kutoka shimoni, ukirusha tena unavirudisha na kubakiza idadi inayotakiwa, na kile cha juu lazima ukidake. Ukikikosa, au ukigusa kijiwe kisichotakiwa, zamu inahama. Hakuna cha kula wala cha kuvaa kinachopatikana humo. Hulda alikuwa bibi wa wajukuu wawili, watoto wa binti yake Jenifa aliyeolewa Ludewa, lakini kijiwe kikiwa hewani alikitazama mdomo wazi kama mtoto anayengoja kulishwa.

"Umegusa!" Peace alipiga kelele.

"Nimegusa nini? Mchanga?"

"Umegusa, mama Jenifa. Nimekuona na haya macho yangu."

"Hayo macho kayaoshe. Yameingia dizeli."

Dorosela, Mpangwa asiye na maneno mengi, alicheka mpaka akashika mbavu. Ndipo uchovu ulipowashuka.

Siku zote uliwashuka katika sehemu hiyo ya mchezo, ubishi ulipokolea. Ule wa Hulda uliteremka mgongoni pake taratibu, ukatanguliza mguu wa kushoto wenye goti bovu, ukashika bega lake usianguke, kisha ukaenda kukaa kwenye gogo la mti wa mlingoti lililoachwa pale kwa sababu lilikuwa na kombo. Ulifanana naye kwa kila kitu, isipokuwa ulikuwa umepinda zaidi, na kitenge chake kilikuwa kimepauka. Wa Dorosela ulikuwa mrefu na ulikohoa. Wa Peace ulikuwa bado mwembamba, maana Peace alianza kubeba mbao baada tu ya kuolewa, na wenyewe ulikaa mwisho wa gogo kwa adabu. Wenye uchovu hawakuhangaika nao. Mtu akigeuka kuangalia gogo, kijiwe kinamponyoka.

Walicheza wakiwa wepesi. Hulda aliweza kugeuza shingo kushoto na kulia, jambo ambalo kanisani lilimshinda hata mchungaji alipopita karibu na benchi lake. Msimamizi wao, Lenard, alipopuliza filimbi, wale wa kwenye gogo walisimama, wakajipangusa, wakarudi kupanda migongo yao. Hulda aliinama kidogo ili usipate taabu.

Lakini uchovu uliokwisha kukaa haurudi na uzito uleule. Hulda aliligundua hilo jioni, alipojikuta anamenya viazi huku anaongea. Mumewe, Enoki, aliyezoea kula na mtu aliyenyamaza, alimtazama.

"Mmeongezewa nini huko?"

"Hatujaongezewa kitu. Tunacheza mdako."

"Mdako huu wa watoto?"

"Huohuo."

Siku ya pili yake Enoki alirudi kutoka shambani na kijiwe cheusi, laini, mviringo, akakiweka mezani karibu na chumvi. Na Jumatano Hulda alikwenda mazoezi ya kwaya, alikokuwa haonekani tangu mwaka jana. Mwalimu wa kwaya alimpa nafasi yake ya zamani kwenye sauti ya pili bila kumuuliza alikuwa wapi. Aliimba mpaka mwisho. Aliporudi nyumbani alikuwa na furaha, na alijua imetoka wapi, akaiogopea kama mtu aliyebeba mayai.

Kisha mwezi wa sita ukaja na baridi yake. Ukungu ulishuka mpaka kwenye kishimo, na vidole vya Peace vilikuwa vinafeli kukomba vijiwe. Kwenye gogo, wale watatu walikaa wamejikunyata, na wa Dorosela ulikohoa mfululizo. Hulda alikuwa na kiazi kimoja kimebaki. Angekila akanyamaza, mambo yangebaki yalivyokuwa. Lakini alilelewa na mama wa Kibena ambaye hakumeza tonge mtu akiwa amesimama mlangoni, na ambaye aliwapiga wanawe zaidi kwa kosa la kupita bila kusalimia kuliko kwa kosa la kuvunja chungu. Mchana ule malezi yakamzidi. Aliondoka kwenye mchezo, akaliendea gogo, akasalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," uchovu wake uliitika, kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Karibu kiazi. Ni kidogo."

"Asante. Kinatosha."

Dorosela na Peace nao waliona vibaya kubaki wamekaa. Wakaja, wakasalimia, wakagawa walichokuwa nacho. Hadi siku hiyo wale wa kwenye gogo walikuwa vitu vilivyowekwa pembeni, kama makoti. Sasa walikuwa wamesalimiwa na wameitika, kwa hiyo walikuwa watu, na watu wakikaa bure mahali pa kazi msimamizi lazima awaone.

Lenard alikuwa anapita. Naye alikuwa mtoto wa mwinjilisti, hakuweza kusikia salamu inaitikiwa akapita kama ng'ombe. Alisimama, akawaamkia wa kwenye gogo mmoja baada ya mwingine, akaitikiwa na wote.

"Mama Jenifa, hawa wageni ni wa nani?"

Hulda angeweza kusema ni ndugu zake wa Lupembe. Lakini Jumapili alikuwa amepokea meza ya Bwana, na uongo ungekuwa karibu mno na meza hiyo.

"Si wageni, kaka Lenard. Ni uchovu wetu."

"Aa." Lenard aliwatazama tena. "Wanakaa hapo kila siku?"

"Tukicheza tu."

Lenard alitikisa kichwa, akapanda kwenye kichuguu ambako mtandao unapatikana, akapiga simu Makambako kwa tajiri wa mbao, Bwana Hilario. Hilario alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama wana mikono. Lenard akasema wanayo.

"Sasa wamekaa nini?"

Kesho yake, uchovu ulipowashuka, Lenard alikuwa anangoja kwenye gogo. Aliwaelekeza kwenye rundo la mbao kwa heshima, akiwaita mama. Wakanyanyuka, wakabeba, wakashika njia ya kuteremka barabarani lilikoegeshwa Fuso. Walibeba kwenye vichwa vitupu, maana hakuna aliyefikiria ngata. Hulda aliutazama wake ukichechemea kwenye utelezi, na kijiwe kilichokuwa hewani kikamwangukia pajani. Jioni, ulipompanda, goti lake la kushoto liligusa chini. Alipojipapasa kichwani alikuta mfereji wa ubao, ambao siku hiyo mchana hakuwa ameubeba.

Fuso lilijaa mapema. Hilario akafurahi, na alikuwa mtu wa kuonyesha furaha yake, hivyo akatuma salamu kwamba wanawake waongezewe michezo. Lenard aliwaletea habari hiyo huku anachezea filimbi.

"Tajiri amesema mcheze na asubuhi pia."

"Asubuhi hii?" alisema Dorosela. "Mimi sina hamu."

"Amesema mcheze tu, mama Benno."

Walicheza. Kijiwe kilipanda, kikashuka, kikadakwa. Zamu zilihama bila neno. Hakuna aliyesema umegusa, na hakuna aliyeshukwa na kitu. Lenard alisubiri kwenye gogo mpaka jua likapenya mipaina, akaanza kutokwa na jasho katika baridi ile.

"Jamani," alisema mwishowe, "bishaneni hata kidogo."

Wakamwonea huruma, kwani alikuwa ametumwa. Peace akasema Hulda amegusa, ili mradi tu aseme. Hulda akakataa, ili mradi akatae. Peace akasisitiza, na kwa jinsi Peace alivyosisitiza, kwa kidevu chake kile mbele, Hulda alijikuta anakataa kweli, damu ikampanda, Dorosela akaanza kucheka bila kutaka, na migongo yao ikawa mitupu. Hivyo ndivyo mchezo ulivyo. Unaanza nao kwa amri ya mtu, na katikati unakuta ni wako tena. Hulda alicheka mpaka machozi huku anausikia uchovu wake ukiugulia chini ya ubao, na hakujua afanye nini na mambo mawili kama hayo kwa wakati mmoja.

Zikapita wiki. Uchovu uliobeba mbao si sawa na uchovu uliokaa. Wa Hulda ulinenepa, ukawa haumwenei mgongoni, na usiku ukalazimika kulala kitandani kama mtu wa tatu. Enoki alisogea ukutani.

"Poleni na kazi," aliuambia.

"Tumeshapoa," uliitika, ukalala kabla hajavuta blanketi.

Jumatano ya mwisho aliyokwenda kwaya, Hulda alilala katikati ya wimbo, akiwa amesimama, kitabu wazi mkononi. Mwalimu aliwaambia wenzake wasimwamshe, wapunguze tu sauti. Waliimba polepole kumzunguka mpaka wakamaliza. Baada ya hapo hakwenda tena, kwa aibu, na wao hawakumfuata, kwa huruma.

Alipoona inamwelemea, alipanda juu ya Fuso, juu ya mbao alizozibeba yeye na zile alizobebewa, akaenda Makambako. Upepo wa Makambako ulimpokea kwa mchanga wa macho. Ghala la Hilario lilikuwa upande wa pili wa reli, na mbele yake, kwenye benchi, Hilario mwenyewe alikuwa anacheza drafti ya vizibo na fundi pikipiki wa jirani. Hulda alisubiri pembeni goli liishe. Akasubiri la pili. Hilario alicheza vizuri na alicheka vizuri, kicheko cha tumboni kisicho na ubaya wowote. Wakati wa ubishi, uchovu wa fundi pikipiki ulishuka ukaenda kusimama ukutani, mikono mifukoni. Hulda aliukodolea macho mgongo wa Hilario. Hakuna aliyeshuka. Magoli yakapita, jua likahamia upande wa stesheni, Hilario alibisha, akaapa, akagonga benchi kwa kiganja, na mgongoni pake hakukuwa na mtu wa kushuka.

"Karibu, mama," alisema hatimaye. "Umetoka msituni?"

"Ndiyo, baba. Nimekuja kuomba wale wa kwenye gogo waachwe wakae."

"Kwani wamefanywa nini?"

"Wanachoka."

Hilario alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kizibo kikiwa mkononi. "Mama, hao si ndio uchovu wenyewe? Sasa uchovu utachokaje?"

Waliokuwa pale walicheka kidogo, maana lilikuwa swali zuri.

"Unachoka," alisema Hulda. "Na jioni unarudi kwangu."

"Na nyinyi mchana mnafanya nini?"

"Tunacheza."

"Si unaona?" Hilario alifungua mikono, akiwa na mchanga wa upepo kwenye nyusi kama watu wote. "Mwingine angewazuieni. Mimi sijazuia. Mchezo ni afya, mama yangu, hata mimi bila hii drafti ningekuwa nimeshakufa."

Akaagiza Hulda apewe chai na andazi. Chai ilikuwa na tangawizi na ilikuwa nzuri. Alirudi na Fuso tupu, likimrusharusha njia nzima.

Kuanzia hapo aliamua kutocheza. Lenard, kwa masikitiko, alimkumbusha kwamba mchana sasa ni wakati wa mbao, na asiyecheza anabeba. Kwa hiyo alibeba mchana kutwa, ubao juu, uchovu nyuma, na alifikiri angalau hivi anajua anachokibeba. Lakini kila alipopita karibu na kishimo alisikia kijiwe kikitua kiganjani mwa mwingine. Alimsikia Peace akisema umegusa. Hatua zake zilipungua zenyewe. Alikuwa anautamani mchezo, na tamaa hiyo ilimuuma kuliko goti, kwa sababu goti hakuwa amelichagua. Akastahimili kadiri alivyoweza. Mchana mmoja aliangusha ubao katikati ya njia, akarudi, akamsukuma Dorosela kwa nyonga.

"Nipisheni."

"Kijiwe cha Enoki hiki hapa," alisema Dorosela. "Tulikuwekea."

Siku hiyo walicheza kuliko siku zote. Filimbi ikalia, na wale waliotumwa barabarani hawakurudi. Wanawake walingoja, migongo ikiwapwaya, kisha wakateremka kuwatafuta. Kabla hawajafika kwenye kona walisikia kicheko. Hulda alikitambua. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kabla sauti haijakwaruza.

Nyuma ya Fuso, mbao zikiwa zimeachwa ovyo majanini, wale wa kwenye gogo walikuwa wamechuchumaa kuzunguka kishimo. Walikuwa wamekichimba kwa kizibo. Ule mwembamba ulikuwa umetoa kidevu mbele na unasema umegusa. Ule wa Hulda ulikuwa unakataa. Na wakati unakataa, kutoka mgongoni pake kikashuka kitoto cha kike, cha miaka kama saba, kikaenda kukaa juu ya mbao, miguu ikining'inia bila kufika chini. Utosini nywele zake zilikuwa zimelala, zimekandamizwa na mzigo wa kuni. Hulda alimjua hapohapo. Ndio umri aliopewa mzigo wake wa kwanza wa kuni kutoka bondeni, na jioni yake aliwaambia watu wa nyumbani kwamba amechoka, wakacheka, kwa sababu mtoto hachoki.

Lenard naye alikuwa ameshafika. Alisimama upande wa pili wa barabara, simu mkononi, hajaipiga.

Hulda akabana midomo. Safari hii alikuwa amejua. Asiposalimiwa, huyu angebaki kitu kilichowekwa pembeni, angekaa juu ya mbao mpaka mchezo uishe, kisha angepanda kimyakimya alikotoka. Alimfinya Dorosela mkono ili naye anyamaze. Dorosela alielewa. Peace akaelewa. Walisimama pale, watu wazima watatu, bila kusalimia mtu, na lilikuwa jambo gumu kuliko mbao.

Lakini mtoto alikuwa amelelewa na mama yuleyule. Alipowaona wakubwa alishuka haraka, akashika goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Ukungu ulikuwa unapita katikati yao. Hulda alitazama ile sehemu ya nywele iliyolala. Mtoto hakuinua kichwa, kwa sababu hakiinuliwi kabla ya kuitikiwa, na angebaki ameinama hivyo mpaka giza.

"Marahaba," alisema Hulda. "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akamgeukia Lenard. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Lenard. Akaangalia simu, akaiweka mfukoni, akaitoa tena. "Mama Jenifa, ningefanyaje mimi? Tajiri akija kusikia kwa dereva?"

"Najua, kaka."

Lenard akapanda kutafuta mtandao.

Jioni hiyo uchovu wa Hulda ulimpanda ukiwa mwepesi kidogo, maana nao ulikuwa umecheza. Mtoto hakurudi alikokuwa. Alitembea nyuma, ameshika pindo la kitenge, mpaka nyumbani. Enoki alimpisha mlangoni.

"Na huyu?"

"Na huyu."

"Anaanza lini?"

"Kesho."

Enoki akaongeza kuni mekoni. Hulda alimmenyea mtoto kiazi, akakipuliza kipoe, akamtazama akikila chote, pamoja na chumvi iliyobaki kiganjani. Kisha akachukua kitenge cha zamani, akachana kipande, akakisokota ngata ndogo. Alimvalisha. Ilikuwa kubwa, ikamshukia machoni, na mtoto akacheka. Hulda akaifumua, akaanza kuisokota upya.